Msalaba na Kaburi Tupu: Maana Yake kwa Mwamini

Kila mwaka, ifikapo Ijumaa Kuu, Wakristo wengi katika Kenya huweka chini majembe na kalamu zao, wakaenda kanisani kusikiliza habari za kifo. Siku ya tatu hurudi huko huko wakiimba kwa furaha. Mtu asiyeijua dini hiyo aweza kuuliza swali la haki kabisa: Je, watu hawa hufurahia nini? Mtu mwema alikamatwa kwa hila, akashtakiwa kwa ushahidi wa uongo, akapigiliwa misumari juu ya mti mpaka akafa. Mambo ya namna hiyo yametokea mara nyingi duniani, wala hayafanyiwi sikukuu.

Hata miongoni mwa Wakristo wenyewe wako walioizoea Pasaka mpaka wakasahau maana yake. Waijua kuwa ni siku ya mapumziko, ya nguo mpya na ya kuchinja kuku. Lakini mtoto akiwauliza kwa nini msalaba umewekwa juu ya paa la kanisa, hukosa jibu. Wasomaji walio Waislamu humheshimu Nabii Isa, lakini wao hufundishwa kwamba hakuuawa wala hakusulubiwa. Yanayoelezwa hapa ni yale wanayoyaamini Wakristo, na sababu za kuyaamini. Nayo ni mambo mawili yasiyotengana, kusulubiwa na kufufuka. Kila moja likitazamwa peke yake, hupoteza maana.

ADHABU YA WATUMWA

Siku hizi msalaba huvaliwa shingoni kama pambo la dhahabu. Zamani za utawala wa Warumi hakuna mtu ambaye angethubutu kufanya hivyo. Msalaba ulikuwa chombo cha kuulia watumwa, waasi na wanyang'anyi. Raia wa Roma kwa kawaida hakuuawa kwa njia hiyo. Baada ya maasi ya watumwa walioongozwa na Spartacus kushindwa, katika mwaka 71 kabla ya Kristo, Warumi waliwasulubisha watumwa wapatao 6,000 kando ya barabara iliyotoka Capua mpaka Roma. Kila msafiri aliyepita aliwaona. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya msalaba: si kuua tu, bali kuaibisha na kutisha.

Aliyesulubiwa alivuliwa nguo, akatundikwa mahali pa wazi, akafa polepole huku wapitao wakimdhihaki. Mwaka 1968, karibu na Yerusalemu, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta katika kaburi mfupa wa kisigino cha mtu wa zama zile, na msumari wa chuma ungali umekwama ndani yake. Mtu akiuona mfupa ule hahitaji kuelezwa zaidi jinsi adhabu hiyo ilivyokuwa.

Kwa Wayahudi aibu ilizidi, kwa kuwa Torati ilifundisha kwamba mtu aliyetundikwa mtini yuko chini ya laana ya Mungu. Basi Yesu wa Nazareti alipotundikwa nje ya Yerusalemu, karibu na mwaka 30 au 33, kwa amri ya liwali Pontio Pilato, watu wengi waliona kwamba shauri lake limekwisha. Hata mwandishi Mrumi Tacitus, asiyewapenda Wakristo hata kidogo, aliandika kwamba Kristo aliuawa kwa hukumu ya Pilato, zamani za Kaisari Tiberio.

Aibu hiyo haikusahaulika upesi. Huko Roma, katika kilima cha Palatino, umeonekana ukuta uliochorwa zamani sana picha ya mtu mwenye kichwa cha punda akiwa msalabani, na kando yake mtu mwingine akiinua mkono kumwabudu. Mchoraji alikuwa akimcheka jirani yake Mkristo. Maana ya dhihaka yake ni wazi: ni mpumbavu gani awezaye kumwabudu Mungu aliyekufa kifo cha mtumwa?

Swali hilo ndilo kiini cha jambo lote. Wakristo wa kwanza hawakuificha aibu ya msalaba, wala hawakusema kwamba ilikuwa bahati mbaya. Walisimama sokoni na katika masinagogi wakitangaza kwamba pale pale, katika aibu ile, Mungu alifanya kazi yake kubwa kuliko zote. Ilikuwa kazi gani?

NANI AUBEBE UPUNGUFU?

Karani wa fedha akigundua kwamba sanduku limepungukiwa shilingi mia, hawezi kuandika tu katika daftari kwamba hazikupungua. Kalamu haiwezi kuufuta upungufu. Ama aliyezichukua atazirudisha, ama mwenye mali atakubali kupata hasara. Mwenye mali akisema, "Nimekusamehe," shilingi mia hazirudi sandukuni kwa neno hilo. Maana ya neno lake ni kwamba yeye mwenyewe ameubeba upungufu. Kila msamaha wa kweli una gharama, na gharama hiyo humwangukia asameheye.

Hivyo ndivyo Wakristo wanavyoufahamu msalaba. Hufundisha kwamba uovu wa binadamu, yaani uongo, uuaji, uzinzi, dhuluma na kiburi, ni upungufu wa kweli mbele ya Mungu. Mungu asingeweza kuita ubaya wema bila kuacha kuwa mwenye haki. Wala hakutaka kuwaangamiza wenye deni, kwa kuwa awapenda. Basi alikubali kuubeba upungufu yeye mwenyewe.

Hapo watu wengi huuliza: Je, ni haki gani hiyo, asiye na kosa aadhibiwe badala ya mkosaji? Swali hilo lingekuwa zito sana kama Yesu angekuwa mtu wa tatu aliyekamatwa njiani kwa nguvu na kufungwa badala ya mwizi. Lakini Mkristo huamini kwamba ndani ya Kristo ni Mungu mwenyewe aliyekuja, naye alijitoa kwa hiari. Haikuwa hakimu kumwonea mpita njia. Ilikuwa mwenye mali kulipa hasara kutoka mfukoni mwake.

Wala fikira hii ya mmoja kubeba deni la mwingine si ngeni katika Afrika. Katika desturi za makabila mengi, mtu akimwua mwenzake, ukoo wake wote ulitoa mifugo ili damu ile ipatanishwe na vita visizuke. Wasio na hatia walitoa ng'ombe na mbuzi zao kwa ajili ya mmoja aliyekosa, maana walikuwa damu moja naye. Mkristo husema kwamba Mwana wa Mungu alizaliwa na mwanamke, akawa damu moja na wanadamu, ili aweze kusimama katika ukoo wao na kulipa. Lakini hapa pana tofauti kubwa. Katika desturi, aliyekosewa ndiye aliyepokea fidia. Msalabani, aliyekosewa ndiye aliyeitoa.

Waalimu wa Kanisa wameeleza jambo hili kwa njia mbalimbali. Anselm, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, aliandika kitabu juu yake mwishoni mwa karne ya 11, akilieleza kama heshima ya Mungu iliyovunjwa na kurudishwa. Wengine kabla yake na baada yake wamelieleza kama vita, Kristo akiyashinda mauti na Ibilisi; wengine kama dhabihu; wengine kama mfano mkubwa wa upendo. Maelezo hayo hayapigani. Yafanana na watu wanaoutazama Mlima Kenya, mmoja akiwa Nyeri na mwingine akiwa Meru: kila mmoja auona upande wake, na mlima ni ule ule.

KABURI LA BUSTANINI

Hata hivyo, lau habari ingeishia msalabani, Wakristo wasingekuwapo. Petro alikuwa amekwisha kumkana bwana wake mara tatu mbele ya moto wa ua. Wanafunzi wengine walikuwa wamekimbia. Mazishi yenyewe hayakufanywa na yeyote kati ya wale kumi na wawili. Yalifanywa na Yusufu wa Arimathaya, mtu mwenye cheo katika baraza, aliyekwenda kwa Pilato kuomba maiti. Watu wale walikuwa wamevunjika moyo, wala hawakuwa wakingoja muujiza.

Alfajiri ya siku ya kwanza ya juma, wanawake walikwenda kaburini na manukato. Walikwenda kumpaka maiti manukato, si kumpokea mtu aliye hai. Wakalikuta jiwe limeondolewa na kaburi li tupu. Yafaa kuangalia kwamba wa kwanza kutoa habari hiyo walikuwa wanawake, na mmoja wao alikuwa Mariamu Magdalene. Katika nchi ile na zama zile ushahidi wa mwanamke ulihesabiwa kuwa mdogo. Josephus, mwandishi wa Kiyahudi wa karne ile, aeleza kwamba haukupasa kukubaliwa. Mtu anayetunga hadithi ili aaminiwe hawatafuti mashahidi ambao wasikilizaji wake hawatawakubali. Habari iliandikwa hivyo, husema Wakristo, kwa sababu ndivyo ilivyotokea.

Baada ya hapo twaona mabadiliko yanayotaka sababu. Petro, aliyemwogopa kijakazi, alisimama Yerusalemu wakati wa Pentekoste, wiki saba tu baada ya Pasaka, akahubiri karibu na mahali pale pale palipofanyika hukumu. Yakobo, ndugu yake Bwana, ambaye hakumwamini alipokuwa hai, akawa kiongozi wa Wakristo wa Yerusalemu, na Josephus aandika kwamba aliuawa kwa kupigwa mawe. Mtume Paulo, aliyekuwa akiwatesa waaminio, aliwaandikia watu wa Korintho karibu na mwaka 55, akiwataja mashahidi waliomwona Yesu baada ya kufufuka. Akaongeza kwamba wako zaidi ya mia tano waliomwona kwa pamoja, na kwamba wengi wao wangali hai. Yaani, atakaye na akawaulize.

Injili hazisemi kwamba roho yake tu ndiyo iliyoonekana. Zasema alikula samaki mbele yao. Wala hakurudi kama Lazaro, ambaye alifufuliwa kisha akapaswa kufa tena siku nyingine. Aliingia katika uzima ambao mauti hayaufikii. Na jambo moja ni la kutazamwa sana: mwili ule wa utukufu ulikuwa na makovu. Tomaso alipotia shaka alionyeshwa alama za misumari. Ufufuo haukuyafuta majeraha yale. Uliyafanya kuwa ushuhuda.

Sasa uhusiano wa mambo haya mawili waonekana. Mtu aliyelipa faini bomani huondoka na stakabadhi mkononi. Akisimamishwa njiani huitoa, na shauri huisha. Msalaba ni malipo, na ufufuo ni stakabadhi. Lau Yesu angebaki kaburini, nani angejua kama deni limepokewa? Paulo mwenyewe alikiri wazi kwamba Kristo asipofufuka, imani ya Wakristo ni bure, nao ni watu wa kuhurumiwa kuliko wote. Ni wachache walioiweka dini yao yote juu ya jambo moja namna hiyo, na kuwaambia watu kwamba likivunjika, yote yamevunjika.

Mkulima naye anao mfano wake, ambao Yesu na Paulo wote wawili waliutumia. Mbegu iliyowekwa ghalani hubaki mbegu moja mpaka ifukuliwe na panya. Ikitupwa ardhini huoza, huonekana imepotea. Kisha mvua za masika zikinyesha hutoka jani ambalo halifanani na punje iliyopandwa, na mwisho hutoka gunzi lenye mamia ya punje. Mke wa mkulima haomboi siku ya kupanda, ingawa amefukia chakula kizuri udongoni. Ndivyo Mkristo anavyofundishwa kuyatazama makaburi ya watu wake.

KABURI TUPU LA NAMIREMBE

Mambo haya hayakubaki vitabuni. Katika Afrika ya Mashariki yalijaribiwa kwa moto, na jaribu mojawapo lilitokea Uganda mwaka 1977, wakati wa utawala wa Idi Amin.

Askofu Mkuu Janani Luwum alizaliwa Mucwini, katika sehemu za Kitgum, mwaka 1922. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa padre, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Usiku mmoja wa mwanzo wa Februari 1977 askari waliipekua nyumba yake kwa kisingizio cha kutafuta silaha. Siku chache baadaye maaskofu walimwandikia Amin barua ya kulalamika juu ya upekuzi huo na juu ya watu wasio na hatia waliokuwa wakiuawa. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, na mbele ya askari wengi Askofu Mkuu akashtakiwa kwamba alikuwa katika njama ya kuipindua serikali. Wenzake waliruhusiwa kwenda, yeye alizuiwa. Kesho yake ilitangazwa kwamba amekufa katika ajali ya motokaa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Wachache walioiamini habari hiyo hawakuiamini kwa muda mrefu, kwa maana jeneza lilipofunguliwa Mucwini, watu waliona majeraha ya risasi.

Huko Kampala Wakristo walikuwa wamechimba kaburi katika uwanja wa kanisa kuu la Namirembe, kando ya kaburi la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Lakini serikali haikuitoa maiti. Ilipelekwa kuzikwa mbali kaskazini. Jumapili, tarehe 20 Februari, maelfu ya watu walikusanyika Namirembe, ingawa ibada ya kumkumbuka ilikuwa imekatazwa. Baada ya sala walitoka nje wakasimama kando ya kaburi lililo wazi, lisilo na mtu ndani. Hapo Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti akawakumbusha habari waliyoambiwa wale wanawake asubuhi ya Pasaka, kwamba wasimtafute aliye hai kati ya wafu. Watu wale, ambao kila mmoja wao angeweza kukamatwa usiku ule, wakaimba.

Shimo lililochimbwa kwa huzuni likawa mahubiri. Hakuna aliyesema kwamba Luwum amefufuka. Mwili wake ulikuwa Mucwini. Walichokiri ni kwamba, kwa kuwa kaburi la bwana wake ni tupu, kaburi lake yeye nalo haliwezi kumshika milele. Mtawala aliyeweza kuua mwili alikuwa amefika mwisho wa uwezo wake. Mtu akisha kuamini hivyo, ni vigumu kumtawala kwa hofu.

KUSAMEHE SI KUFICHA

Huo ulikuwa upande wa ufufuo. Upande wa msalaba ulionekana kwa Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekuwa miongoni mwa wale walioitwa Kampala siku ile. Alipoambiwa kwamba yeye ndiye atakayefuata kuuawa, alitoroka usiku na mke wake, wakamalizia safari kwa miguu milimani mpaka Rwanda. Alijaa uchungu. Ijumaa Kuu ya mwaka ule alikuwa London, ameketi kanisani, akasikia habari ya Yesu akiwaombea msamaha wale waliokuwa wakimpigilia misumari. Akajiuliza: kama Amin angekuwa mmoja wa askari wale, je, Bwana angemtenga katika sala ile? Akaona kwamba asingemtenga. Mwaka ule ule akatoa kitabu kidogo ambacho jina lake maana yake ni "Nampenda Idi Amin."

Jina hilo liliwashangaza wengi, na wengine liliwachukiza. Lakini Kivengere hakusema kwamba Amin hakuua. Aliendelea kuyatangaza duniani maovu yaliyotendeka Uganda, na kuwasaidia wakimbizi. Hapa ndipo makovu ya Tomaso yanapofundisha. Kusamehe kwa Kikristo si kufunika jeraha wala kulizuia baraza lisihukumu. Ni kukataa kulipa ubaya kwa ubaya, na kukubali kuibeba hasara mwenyewe. Utawala wa Amin uliangushwa mwaka 1979, na Kivengere akarudi katika dayosisi yake. Tangu mwaka 1998 sanamu ya Luwum imesimama mbele ya Westminster Abbey huko London, na tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko katika Uganda.

KAZI YA KILA SIKU

Si kila mwamini atakayeitwa mbele ya mtawala mkali. Wengi wataitwa mbele ya mambo madogo: jirani aliyesogeza mpaka wa shamba kwa hatua mbili, ndugu aliyekula fedha za karo, mkubwa wa ofisi aliyempa mwingine cheo kisichomstahili, shemeji aliyesema neno baya mazishini. Lakini hesabu ni ile ile. Katika kila shauri la namna hiyo pana upungufu, na mtu lazima aubebe. Mwenye kisasi husema, "Utalipa, na faida juu yake," na ugomvi hupita mpaka kwa wajukuu. Mfuasi wa Msulubiwa aweza kwenda barazani kutafuta haki yake, maana haki si dhambi. Lakini haendi na chuki, kwa kuwa ajua deni lake yeye mwenyewe lilikwisha kulipwa.

Kadhalika katika misiba. Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, basi Mkristo hakatazwi kulia. Hukatazwa kulia kama mtu asiye na tumaini. Udongo anaoutupa juu ya jeneza la mama yake ni ule ule anaoufukia juu ya mbegu.

Mtoto akiuliza, basi, kwa nini msalaba uko juu ya paa la kanisa, mzazi aweza kumjibu kwa maneno machache: ni kwa sababu hapo ndipo deni letu lilipolipwa, na hauna mtu juu yake tena, kwa sababu aliyelilipa yu hai.